Qiu Shouren, Mnasa Makosa ya Kompyuta

Mwaka umetimia leo, Baba Ruolan, tangu ulipotutoka hapa mjini Hefei, China, siku ya tatu baada ya sisi kuambiwa unaumwa nini.

Ulikuwa mpole hata kwa mashine. Miaka kumi na tisa ulihangaika na kompyuta ya kwantamu, ile ambayo joto kidogo tu linaivuruga ikasahau inachohesabu. Kazi yako ilikuwa kunasa makosa yake kabla hayajaenea. Ukirudi nyumbani, kwanza unamtilia mama yako maji ya moto ya kuoshea miguu, ndipo unakula.

Sikukuu ya Masika, mwaka mpya wetu, ulitupangia karanga mezani.

"Hizi zimebeba siri. Ukizichungulia tu, imeharibika. Kwa hiyo unaweka nyingine katikati yake, unaziuliza: hawa majirani bado wanakubaliana? Ukiyaweka majibu yote pamoja, unajua kosa liko wapi."

Mama akakucheka. "Umbea mtupu! Ndio unalipwa mshahara kwa hilo?"

"Umbea wa kisayansi, Mama," ukasema, ukazila karanga zenye siri.

Tukacheka, tukaendelea kula.

Mkeo aliona suruali zako zinakupwaya, akazipunguza kiunoni kimya kimya. Ruolan alikukuta ngazini umeshika ukuta, unahema. Mama aliona unamhamishia nyama yako kwenye bakuli lake, akadhani ni heshima. Kila mmoja alikaa na lake, asije akawatia wenzake hofu. Tuliyasema yote kwa mara ya kwanza kwenye korido ya hospitali. Daktari akatusikiliza, akasema, "Mngekuja miezi minne nyuma, tungekuwa na la kufanya."

Mwezi wa tano, ukiwa umeshatutoka, wenzako wa kazini walikuja na matunda, wakasema mashine yako sasa inatunza kumbukumbu vizuri kuliko wakati wowote. Mama akawamiminia chai, kisha akawauliza, "Mwanangu mlikuwa naye kutwa nzima. Hamkuona kitu?"

Bwana Hua, mliyepakana madawati, akaanza kulia. "Niliona, Mama. Alikuwa anameza vidonge vya maumivu kila mchana. Nikadhani nyumbani mnajua."

Tunakulilia: mama yako Sheng Guihua, mkeo Tao Wenxiu, bintiyo Ruolan na kaka yako Shouyi. Hutatutoka moyoni hata siku moja. Utusamehe, Shouren.