Kiti cha Rubani na Nguo Yako Nyeusi

Hallunda, Stockholm
Jumapili, mwezi wa tatu. Mwaka wa nane tangu niondoke nyumbani.

Mama yangu,

Pokea salamu za mzaliwa wako wa kwanza. Magoti yanaendeleaje? Na kile kikohozi cha msimu wa mvua, kimekwisha kweli, au unamkataza Neema asiniambie? Mimi mwili ni mzima. Huku theluji inayeyuka, njia zote ni tope na kokoto, na kila mtu amenuna. Mimi nimenuna kwa sababu nyingine, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningepiga kelele, na wewe ungelia. Neema mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke mahali hata kama maneno ni makali.

Kwanza Amani. Nasikia mdogo wangu huyo amesimama kanisani akasema kaka yake anatengeneza ndege za vita Ulaya, na kwamba siku moja nitawatumia moja muwapige wale waliotupiga. Watu wakapiga makofi. Mama, mwambie akome. Mtoto aliyemtoa baba yake chini ya vumbi la soko anawezaje kutamani ndege?

Sitengenezi ndege za vita. Nafanya kazi kwenye karakana moja huko Jordbro, kwenye viwanda na maghala, ambako wazee wastaafu wanaiunda upya ndege moja ya zamani. Mimi nabeba vyuma, nasugua kutu, nafagia na kupika kahawa. Ndege yenyewe ilibuniwa wakati wa vita vikubwa vya Wazungu. Waswidi hawakuingia vitani, ila waliwaogopa majirani zao, wakajaribu kuunda ndege ya kupigana ya namna ambayo watu hawakuizoea: propela nyuma, bunduki mbele. Walijaribu, ikaharibika, wakajaribu tena. Kabla haijawa tayari, vita vikaisha. Wakaikatakata na kuvitupa vipande ghalani, na sasa wazee hawa wanaviunganisha.

Mkubwa wetu ni mzee Lennart. Baba yake alikuwa mmoja wa waliochora mabawa ya ndege hiyo, kwa hiyo anaishika kama mtu anavyombeba mjukuu. Siyo mtu mbaya, Mama. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningemchukia nikalala usingizi.

Siku moja alinionyesha kiti cha rubani.

"Unaona, Bahati," akaniambia, "propela iko nyuma. Rubani akiruka nje, inamkatakata. Basi wakabuni kiti chenye baruti chini. Anavuta mpini huu, kiti kinamrusha juu, anashuka salama na mwavuli wake. Walianza kwa kumrusha mdoli wa mbao, mara nyingi, mpaka wakaridhika. Fikiria! Akili yote ile kwa ajili ya uhai wa mtu mmoja!"

Machozi yalimlengalenga. Nami nikafikiria kama alivyoniambia. Nilimfikiria baba siku ile sokoni. Aliyekuwa juu akiangusha mabomu alikuwa na kiti. Baba alikuwa na meza ya sabuni, akaingia chini yake. Hakuna fundi aliyekesha akimbunia mtu wa chini mahali pa kukimbilia.

Kiti kilipokamilika walihitaji mtu wa kukipima. Ndege ile ni nyembamba, na wazee wale ni warefu kama milingoti, migongo haikunjiki. Wakanigeukia mimi. Nikawa naingia, nakaa, wanapima magoti yangu na mabega yangu, wanatoka kwenda kukata chuma, wanarudi kupima tena. Wakaanza kuniita rubani.

"Rubani wetu, leo unaelekea wapi?"

"Dukani Tumba, kununua unga," nilikuwa najibu, na wote tunacheka. Ndiyo, nilicheka nao.

Sasa sikiliza jambo la likizo. Mwaka huu hatimaye nimepata pasipoti ya hapa, ninayoweza kusafiria. Mimi ndiye ninayepaswa kukuvua nguo nyeusi na kukuvika kitenge kipya mbele ya ukoo, na tangu tulipomzika baba, siku chache kabla sijakimbia, umeivaa ukinisubiri. Nikamwomba Lennart ruhusa. Akasema nitapata, ila baada ya sherehe ya kuionyesha ndege kwa watu. Siku hiyo nikae ndani, nivae kofia ya ngozi, niwapungie watoto mkono. Nikaona ni neno dogo. Nikakubali.

Wiki hii tukafanya mazoezi. Nikapanda, wakanifunga mikanda. Hakuna aliyeniambia kwamba wameleta spika. Wakawasha mngurumo wa injini, unaanza mbali, unakuja, unashuka juu ya kichwa.

Mama, sijui nikueleze vipi. Mikono ilisahau mikanda inafunguliwaje. Nilipiga kelele kwa lugha ya nyumbani. Nikauvuta ule mpini kwa nguvu zangu zote, lakini baruti haimo, kiti hakikwenda popote. Na wazee wakapiga makofi. Walidhani naigiza.

Huku wana desturi ya kukaa pamoja kwa kahawa na mikate ya mdalasini. Wakati wa kahawa mkubwa na mfagiaji wanakaa meza moja, na watu hawagombani. Siku hiyo mimi niligomba.

"Sitakaa humo tena," nikasema.

"Ni sauti ya spika tu, Bahati," akasema Lennart.

Nikawaambia habari za baba. Soko, sabuni, jinsi ile ndege ilivyopita, tukashukuru, halafu ikageuka. Wazee wakawa wanatazama ndani ya vikombe.

"Hii yetu haijaua mtu," Lennart akasema taratibu. "Haikuwahi kwenda vitani."

"Kwa sababu vita viliisha mapema! Baba yako hakuyachora yale mabawa ili watu wapungiane mikono."

Uso ukamwiva. "Tulipatana," akasema. "Sherehe, halafu likizo. Na kwani mama yako hawezi kuvua mwenyewe? Mpigie kwa video, umtazame akivua. Si ni kitu kile kile?"

Nilisimama mpaka kahawa ikamwagika. "Mama yangu siyo mdoli wa mbao," nikamwambia, nikachukua koti langu nikatoka.

Nimefika chumbani, nafungua simu, nakuta ujumbe wa Amani: baba mdogo ameamua tuondoe matanga kwa video, kwa kuwa mimi nachelewa. Maneno ya Lennart, yale yale! Lennart hajui desturi zetu, nitamsamehe. Baba mdogo je? Yeye aliyenifundisha kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayeshika upindo wa ile nguo? Nilimjibu Amani maneno ambayo Neema hawezi kukusomea.

Ijumaa nikarudi kazini nikijua nafukuzwa. Lennart alikuwa peke yake, na mezani kuna ovaroli kuukuu. "Nisaidie kuijaza," akasema. Tukaijaza matambara. Tukaipandisha kwenye kiti, tukaifunga mikanda, yeye akaivika kofia ya ngozi. Halafu akaniambia niende nyumbani kwa mama yangu, ila nafasi yangu hawezi kunishikia. Nikimkuta mwingine nisishangae. Hakunitazama usoni, nami sikumshukuru. Nimeinunua tiketi jana.

Kwa hiyo usivue, Mama. Wakija na simu zao, wafukuze. Kitenge kipo kwenye sanduku langu, cha kijani, nilikichagua kwa mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitambaa hapa Hallunda. Akaniuliza ni cha mchumba, nikamwambia ni cha mtu mkali zaidi.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie nina maneno naye. Msalimie shangazi aliyelala nawe siku zote za msiba. Mchungaji naye, ila kanisa lile lisipigie ndege makofi tena. Na jirani yako fundi wa nguo, mwambie aiandae cherehani, kitenge hakijashonwa.

Nitafika wiki ya mwisho ya mwezi wa tano. Ndege yangu itatua mbali, ng'ambo ya mpaka, na kutoka huko nitakuja kwa basi, kisha kwa miguu. Siku hiyo ukisikia mngurumo angani, siyo mimi. Kimbieni mkajifiche kama mlivyozoea. Mimi nitapita njia ya chini, ile ya kisimani, na nitapiga hodi.

Mwanao,
Bahati