Ng'ombe Tuliowaficha

Kijijini kwetu, njia ya Bugarama
Mwezi wa nne

Mwanangu Generosa, Mama Vumilia,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla ya kuifungua karatasi hii, kwa hiyo nimekwisha kuitikia. Huko Chato dagaa wanakauka au mvua inakuharibia? Kifua cha mume wako kimetulia? Mwambie aache kulala karibu na moshi wa samaki. Mimi si mganga, lakini kikohozi nakijua.

Mimi ni mzima. Vumilia yu hai, nalisema hilo mapema ili usisome huku moyo unakukimbia. Ndiye anayeandika, kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe. Mkono wa kulia umevunjika. Nimeufunga kwa vijiti na khanga yangu. Habari nyingine ni mbaya, na nimemkataza kuruka hata neno moja. Simu nilikataza pia. Ungepigiwa, ungekuja mbio kama nikujuavyo, na mto ungekuchukua, kwa sababu daraja letu halipo tena.

Unaikumbuka ile kazi aliyopewa na halmashauri. Anapita vijijini na kishikwambi chake, anapiga picha nyufa za madaraja na makalavati, kisha anauliza wenyeji wanapita watu wangapi, pikipiki ngapi, ng'ombe wangapi. Yote yanaingia kwenye ramani moja ofisini. Penye nyufa nyingi na wapitaji wengi panatengenezwa kwanza, si tena kwa diwani mwenye mdomo mkubwa. Nilimcheka kwamba sikumlea aje kuhesabu nyufa. Moyoni nilisema, hatimaye kuna mtu ametumia akili.

Alipofika kwetu alipikiwa kuku. Kisha akauliza ng'ombe. Wewe umezaliwa hapa, unajua. Nani humtajia mtu ng'ombe wake? Wengine walisema ni ushuru unakuja, wengine wakasema serikali inataka kupunguza mifugo. Nkwabi, kamanda wa sungusungu, ambaye zizi lake linanuka hadi kijiji cha pili, alisema anao wanne, na mmoja mgonjwa. Kaka yako Ngassa alicheka, akamwambia mpwa wake aandike sita na amwongezee mchuzi. Mimi nilisema wawili. Mtoto alijua tunamdanganya, maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyomkuza. Lakini kazi yake ni kuandika anachoambiwa, na mjomba hagombezwi.

Basi ramani ikatuamini. Ikasema kwetu nyufa zipo, wapitaji hakuna. Saruji ikaenda kwa jirani zetu, ambao walisema kweli.

Mvua zilipokolea, Ngassa alikuwa anapeleka kundi mnadani Bugarama. Mkewe Salome alitangulia, akiwavuta ndama. Daraja likakatika katikati. Walioona wanasema ng'ombe walimwagika kama mahindi gunia likipasuka, wakamkanyaga Salome kabla maji hayajamfunika. Ngassa alibaki ukingoni na fimbo yake, anaita jina la mkewe.

Mwano ukapigwa. Ule ukelele ukipigwa kila mwanamume anatoka na silaha. Lakini mto hauna shingo ya kukabwa. Wakatafuta mwenye shingo. Wakaja kwangu.

Vumilia alikuwa uani anapukuchua mahindi. Ngassa alikuwa wa mbele, shoka mkononi, matope hadi kifuani. Alisema kidude hicho kimemuua mke wake, kwamba kimewapa wengine saruji na sisi kikatupa kaburi. Nkwabi na watu wake nyuma wanapiga kelele kwamba mchawi wa ofisini amalizwe. Vumilia, badala ya kukimbia, alikilalia kishikwambi kwa tumbo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na habari za vijiji ambazo hajazituma bado. Mjomba wake akampiga mkono kwa mpini wa shoka ili aachie. Niliusikia mfupa, kama kuni kavu. Akampiga tena. Hakuachia. Ndipo Ngassa akaligeuza shoka, makali yakawa chini. Nikachomoa mchi kwenye kinu. Hapo nitarudi.

Kesho yake mto ulituvua nguo. Maji yalishuka kidogo, mizoga ikabaki mchangani, chapa ya Ngassa ubavuni. Eti sita! Fisi walikula wakashiba, na mizoga bado ilikuwa imetanda hadi kwenye kona ya mto. Wanaume wote walitazama chini. Hakuna aliyemwita tena Vumilia mchawi.

Salome tulimkuta kwenye matete. Baada ya mazishi, kabla watu hawajanawa mikono, nilisimama nikataja ng'ombe wangu kwa sauti: thelathini na wanne. Vumilia akabonyeza kwa kidole cha kushoto. Watu walinitazama kana kwamba nimevua nguo. Nikamwambia Nkwabi kwamba kama anaona aibu kutaja zizi lake mbele ya kaburi, basi aingie humo mwenyewe. Akavua kofia, akataja. Ni zaidi ya mia mbili, mwongo yule! Wengine wakafuata hadi jua likashuka. Ofisi imejibu kwamba sasa daraja letu limekuwa jekundu kwenye ramani, la kwanza kabisa. Mhandisi anakuja maji yakipungua.

Polisi nao wanakuja maji yakipungua.

Generosa, kaa chini. Siku ile ya mazishi tulichimba makaburi mawili. Nililenga mkono wenye shoka. Ngassa aliinama ili alishushe kwa nguvu, mchi ukamkuta kisogoni. Nilimlaza kichwa mapajani kama nilivyomlaza alipougua surua. Alikata roho kabla mkewe hajapatikana. Mwanangu wa kwanza. Nimemuua mimi. Na lile shoka likiinuliwa tena juu ya mtoto wako, nitapiga tena. Hayo mawili yamo ndani yangu na hayapatani.

Hapa Vumilia ameweka kalamu chini analia. Anataka tuandike kwamba mjomba aliteleza. Nkwabi naye amenishauri hivyo, kijiji kizima kiko tayari kuapa. Nimewaambia tumekwisha kuona kinachotokea tukiandikisha uongo. Polisi wakiniuliza, nitajibu kama nilivyotaja ng'ombe.

Wewe njoo, pitia njia ya juu. Watoto wa Ngassa ni wako sasa, na wale thelathini na wanne ni wao. Usimnunie Vumilia, na akikuomba radhi mkatalie, hana kosa. Msalimie mume wako, na Blessing jirani yako. Abel anavuka na barua hii kwa kamba. Mpe dagaa, amejitoa.

Nimekulilia vya kutosha, ukifika ulie vyako.

Mama yako,
Mbuke

Dole gumba hili ni langu. Wino haukutosha, nimetumia masizi ya chungu.