Feni ya Chumba cha Mama

Mlingotini, Alhamisi 12 Septemba 2024

Mdogo wangu Pazi,

Assalaam alaykum. Natumai huko Maskati u mzima na kazi ya kutengeneza kompyuta za watu inakwenda. Sisi huku hatujambo, ila kikohozi cha baba hakimpi nafasi, na mgongo wangu ni ule ule.

Nakuandikia kwa mashine hii ya kompyuta uliyoniachia, na huenda hii ikawa barua ya mwisho, maana imeanza wazimu. Nikiiwasha tu, ndani yake kuna kitu kinalia kama mbu aliyeota meno. Unajua kuta za nyumba yetu hazifiki juu. Mashine iko chumba cha mama, Mungu amrehemu, na baba yuko chumba cha pili. Nikianza kukuandikia, anagonga ukuta kwa bakora: ko, ko, ko. Nikizima, ananyamaza.

Kupiga simu siwezi, atasikia. Tangu ulipomwambia siku ya msiba wa mama, "Kaburi halikimbii, nitakuja," baba ameapa kutolitaja jina lako, na sisi hatulitaji. Amesema ukitaka kusema naye uje kwa miguu yako. Basi njia yetu ni hii mashine tu, nayo siiwashi ila kwa ajili yako, Alhamisi baada ya alasiri. Niambie la kufanya kabla hajaivunja kwa hiyo bakora.

Dada yako,
Batuli

*

Maskati, 15 Septemba 2024

Dada Batuli,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimecheka kisha nikahuzunika. Kinacholia ni feni ndogo iliyo juu ya madabodi, ule ubao mpana uliobeba kila kitu humo ndani. Inapoza chipseti, kipande kinachounganisha vifaa vyote. Joto likizidi feni hukimbia, na ikikimbia huku imegandwa na vumbi, hulia. Kelele yenyewe si ugonjwa, dada. Ni mgonjwa anaita. Usikimbilie kuinyamazisha, tafuta joto linatoka wapi.

Nami nakujua. Umeifunika kile kitambaa cha kufuma cha mama, sivyo? Na kila Alhamisi unafukiza ubani humo humo. Moshi wa ubani una mafuta, ukikutana na vumbi na chumvi ya bahari unanata kama utomvu. Ondoa kitambaa, chetezo kipeleke ukumbini. Zima mashine, chomoa waya ukutani, shika kwanza bati la kasha ili umeme wa mwilini ukutoke, kisha safisha feni kwa brashi laini. Tia tone la mafuta ya cherehani katikati yake, chini ya ile karatasi ya nembo. Moja tu.

Na baba je? Mtafutie wakati mzuri umwombe radhi kwa niaba yangu. Mama alikwenda sikuwapo. Baba naye akienda bila kuniachia radhi, dada, nitakuwa mtu wa wapi mimi?

Mdogo wako,
Pazi

*

Mlingotini, Alhamisi 10 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitambaa nimekiondoa, na nimelia nikikikunja, maana mama ndiye aliyekitandika siku ulipoileta mashine. Feni nimeikuta nyeusi kama sufuria ya kuni. Ulisema tone moja, mimi nikaona huo ni ubahili, nikatia matatu. Ikatulia kidogo, sasa imerudi kulia kuliko mwanzo na mafuta yameruka kila mahali. Kile kipimo ulichonionyesha kinasema nyuzi tisini na mbili. Usinigombeze.

Baba anazidi kugonga. Juzi nilimwendea mlangoni nikamuuliza, "Baba, kelele zinakusumbua?" Akanitazama, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akauliza, "Ulikuwa unafanya nini humo?" Nikamwambia nasafisha. Akageukia ukutani.

Halafu wewe unaniambia nikuombee radhi! Nitamwanzaje mimi, na jina lenyewe halitajwi? Radhi haiagizwi kama kanzu, Pazi. Kata tiketi uje.

Dada yako,
Batuli

*

Maskati, 14 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Matone matatu! Hiyo feni imekwisha, beringi zake zimelika. Abdulnasir wa pale Bagamoyo anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, nimempa feni mpya isiyo na kelele pamoja na pesti ya kupitisha joto. Fungua skrubu za ile ya zamani, futa ile pesti iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya mchele, funga. Ukiwasha, bonyeza Delete mfululizo mpaka uingie kwenye mipangilio, feni uiweke kwenye mwendo wa kimya. Baba atalala.

Kuja sasa siwezi. Mkataba unaisha baada ya Idi, na nikiondoka kabla sina kazi ya kurudia. Baba mgumu yule, kikohozi hakimwezi.

Mdogo wako,
Pazi

*

Mlingotini, Alhamisi 21 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Feni ilifika na nimeifunga mwenyewe, pesti imenijaa mpaka kwenye mtandio. Nyuzi hamsini na nne. Sauti hakuna kabisa, mpaka niiname nione kama inazunguka. Baba naye hagongi tena, Alhamisi ya tatu hii. Ahsante, nimepumzika.

Ila hali kitu. Uji anaonja vijiko viwili anausukuma. Kikohozi tulikitia asali na tangawizi kitulie, nacho kimetulia, lakini mwenyewe anakwisha. Anashinda amelala uso ukutani. Shangazi Mwanaasha amekuja kutoka Miono kukaa naye. Pazi, nakuambia kwa kinywa kipana: njoo. Achana na mkataba, njoo.

Dada yako,
Batuli

*

Maskati, 2 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nyuzi hamsini na nne! Umekuwa fundi kunishinda mimi. Nimefurahi kwamba angalau baba anapata usingizi.

Nikimaliza Idi tu, inshallah, niko njiani. Usimwombe kitu kwa niaba yangu tena. Nitapiga magoti mwenyewe mbele yake nimwombe, hata akinipiga kwa hiyo bakora. Mpe uji wa mtama, ule anaupenda.

Mdogo wako,
Pazi

*

Maskati, 26 Januari 2025

Dada Batuli,

Shikamoo. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Abdulnasir alinipigia nikiwa kazini na simu iko kabatini. Nilipoiona, mlikwisha kumzika. Nimepiga simu yako, amepokea shangazi, akasema hutaki kusema na mtu.

Sina haki ya kukuuliza kitu. Nakuuliza hili moja tu: aliniachia radhi?

Mdogo wako,
Pazi

*

Maskati, 9 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda ni mashine. Angalia kipimo, kama nyuzi zimepita tisini basi waya wa feni umechomoka, urudishe. Na kama si mashine, kama ni mimi, nitukane upendavyo. Lakini nijibu.

Pazi

*

Mlingotini, Alhamisi 27 Februari 2025

Pazi,

Assalaam alaykum. Mashine haikuharibika. Barua zako nilizisoma zote mbili na nikakunyima jibu kwa makusudi. Nilikuwa na hasira, nikasema mwache naye aonje kungoja. Hasira hiyo imeniishia, nami nitakueleza kilichoimaliza.

Baada ya khitma, mimi na shangazi tulikuwa jikoni tunachambua mchele. Akaniuliza, "Hivi Batuli, ile mashine ya Pazi iliharibika lini?" Nikamwambia haijaharibika, imetengenezwa, sasa hailii. Akaweka ungo chini, akanisimulia yote.

Baba alikuwa anajua. Tangu mwanzo alijua kwamba kile kitu kikilia, nakuandikia wewe. Alimwambia shangazi, "Kila Alhamisi mwanangu alikuwa anazungumza na dada yake humo, wakadhani mimi sijui." Bakora haikuwa ya kuninyamazisha. Alikuwa ananiita. Alikwisha kuapa kutolitaja jina lako, basi alitaka niingie nilitaje mimi kwanza, apate pa kuanzia. Na mimi kila akigonga nikazima. Na aliponiuliza, nikamwambia nasafisha.

Kisha tukaifunga ile feni yako. Shangazi anasema kila Alhamisi alasiri alikuwa anaomba ageuzwe, sikio lielekee ukutani. Mwishowe akasema, "Basi, na mwanangu kachoka kuandika. Mimi ndiye niliyemkatisha tamaa." Shangazi akamuuliza kama akupigie simu. Akakataa. "Ikilia tena niambieni," alisema, "nina neno la kumpa." Shangazi alidhani mashine imekufa, akanyamaza asinitie uchungu. Na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nakuandikia kwamba baba hagongi tena, nimepumzika.

Unauliza kama alikuachia radhi. Sijui, mdogo wangu. Alikuwa na neno na hakumwambia mtu. Huenda ndilo, huenda silo. Ningeweza kukudanganya ulale, lakini nimekwisha kumdanganya baba na nimeona kilichotokea. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba kelele ni mgonjwa anaita, nisikimbilie kuinyamazisha. Mwezi haukupita ukaniletea cha kuinyamazishia, nami nikakushukuru.

Ukija baada ya Idi utamkuta kando ya mama. Ulisema kweli, kaburi halikimbii.

Leo nimefungua kasha tena. Nimetoa feni uliyoleta, nimerudisha ile ya zamani, nilikuwa nimeiweka kwenye kopo la maziwa. Nyuzi zimefika themanini na tisa na zinapanda. Najua itaungua, usiniandikie la kufanya. Inalia tangu nilipoandika salamu, na mlango wa chumba cha baba nimeuacha wazi.

Dada yako,
Batuli