Usiniletee Chuma Mwaka Huu

Gereji ya Bouziane,
Nyuma ya soko la mboga,
Berkane.

Ijumaa, 11 Aprili 1997

Mpendwa mpwa wangu Najim,

Assalamu alaikum, wewe na nyumba yako yote huko Rotterdam. Natumai barua hii itawakuta wazima. Sisi huku hatujambo. Mvua ya mwezi uliopita imetosha, shayiri imesimama vizuri, na mke wangu Yamina bado analalamikia goti lake. Mama yako ni mzima wa mwili, ila tangu Jumanne hali chakula, na sababu utaijua sasa hivi. Kondoo wa Idi tumeshamnunua, yuko juu ya paa anatupigia kelele.

Nimekusalimia kwa sababu mama yangu alinilea hivyo. Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini, Najim, maana tangu nizaliwe sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyokukasirikia wewe wiki hii.

Jumanne nilipata barua ya binti yako Ikram. Kaandika mwenyewe, kwa Kiarabu cha darasa la Jumamosi, herufi kubwa kama mayai. Amenichorea gari na amenichorea kondoo, na chini ya kondoo kaandika: "Babu Bouziane, mwaka huu utamwagiza baba chuma gani? Tafadhali kiwe kidogo. Mguu wangu umepona lakini naogopa kukaa nacho."

Nilisoma mara tatu nimesimama kwenye shimo la gereji. Chuma gani, na mguu unahusiana nini na chuma? Mimi nilijua mtoto kavunjika kwa kuanguka kwenye bembea, pale mlipopumzika njiani Uhispania. Ndivyo ulivyoniambia kiangazi kilichopita, umesimama mlangoni pangu, unanitazama machoni, na Ikram kabebwa na mama yake, plasta hadi gotini.

Nikanawa mikono, nikaenda kwenye duka la simu, nikapiga nyumbani kwako saa ninayojua uko kazini. Akapokea mkeo.

"Mjomba, hilo usiniulize. Najim atanichinja," Loubna akasema.

"Mwambie aanze na mimi, mimi ndiye niliyenona. Haya, sema."

Akalia kwanza, kisha akasema yote. Usimguse kwa neno hata moja. Ukimgombeza nitajua, na nitakuja huko Rotterdam na hili goti la Yamina mkononi.

Sasa najua. Mlikuwa mnashuka mteremko wa mwisho kabla ya bandari ya Almería, saa nane mchana, Pijo yako imelemewa hadi nyuma inakwangua lami. Ukakanyaga breki njia nzima, pedeli ikaanza kulegea, kisha ikazama hadi sakafuni bila kushika chochote. Ukavuta breki ya mkono, ukalibana gari kwenye ukuta wa mwamba, likasimama. Mlikuwa wanne ndani na nyote mko hai, namshukuru Mungu kwa hilo kila nikiinua kichwa kutoka kwenye sijida. Lakini giaboksi langu, mlilokuwa mkiniletea, lilipinduka likauangukia mguu wa mtoto.

Nianze na breki, maana hizo haziwezi kusubiri. Loubna ananiambia mafuta ya breki hujayabadilisha mpaka leo. Mlirudi nayo yaleyale Rotterdam, mkapanda na kushuka milima ileile, na mtoto akiwa na plasta! Wewe mtoto wa dada yangu, uliyeshika spana gerejini kwangu kila likizo! Nikamuuliza sababu, akasema eti huwa unafungua kifuniko, unatazama, na kusema, "Bado yamejaa."

Yamejaa maji, mjinga wewe! Mara ngapi nimekwambia mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa? Kikopo kinabaki kimejaa vilevile, na ndani umeshakaa mvuke unaongoja siku ya joto. Ukishuka mlima na mzigo, breki zinapata moto, maji yanachemka, na mguu wako unakanyaga mapovu. Mapya yana rangi ya chai nyepesi. Yako, najua bila kuyaona, ni kahawa. Kila baada ya miaka miwili yanamwagwa yote, yanatiwa mapya, na hewa inatolewa gurudumu moja moja, ukianza na lile lililo mbali zaidi na pedeli. Kazi ya saa moja. Saa moja, Najim.

Na usiniambie habari za fundi wako wa huko, mwenye mashine na karatasi yenye muhuri kwamba gari ni zima. Karatasi haikanyagi breki.

Mipira ya breki ile minne, inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, ibadilishe yote, hata kama kwa nje inang'aa, kwa sababu huvimba kwa ndani. Brekipedi nunua mpya, dukani, kwa mtu mwenye kaunta na jina mlangoni, siyo kwa yule wa sokoni anayeuza juu ya turubai. Nenda na ile ya zamani mfukoni, ilaze juu ya mpya, pembe kwa pembe. Boksi lisikudanganye. Hata hapa Berkane nawajua watu wanaookota maboksi matupu ya spea nzuri, wanatia takataka ndani na kuyabandika upya. Ndiyo maana mimi boksi nikishalifungua nalichana palepale.

Yadi ya magari mabovu nenda kutafuta mlango, taa, kioo, kiti, hata rejeta ukiijaza maji kwanza ukaona haivuji. Kitu chochote kinachosimamisha gari, na kitu chochote kinachoshika barabara, usikichukue yadi hata upewe na busu juu yake. Tairi ni hivyo hivyo. Usipime kina cha meno tu. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu tatu, mbili za kwanza ni wiki na ya mwisho ni mwaka. Zile zako nilizisoma kiangazi, nikaona zimezeeka, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa mgeni na sikutaka kukuaibisha mbele ya shemeji zako. Adabu za kijinga. Sitazirudia.

Na mteremko hauteremkwi kwa breki. Weka gia ya tatu, na ukiona bado inakimbia weka ya pili, iache injini ipige kelele. Kelele haijamuua mtu.

Sasa uongo wako. Ulisema upande wa kulia wa gari uligongwa umeegesha. Nikanyoosha bati lile mwenyewe, siku mbili, kwa nyundo na mikono hii, bure kwa kuwa ni wewe. Niliona vumbi jekundu la mawe ndani ya mikwaruzo. Miaka arobaini kwenye magari, Najim, nikaona vumbi la mlima kwenye gari "lililogongwa limeegeshwa", na nikakuamini! Umenifanya mjinga ndani ya gereji yangu mwenyewe.

Kibaya zaidi ni Ikram. Kiangazi kizima mtoto yule alikaa kwenye kiti pale mlangoni na plasta yake, na mimi kila asubuhi namtania. "Bingwa wa bembea ameamka!" Nikamwimbia hivyo mbele ya wateja. Nikamchorea tairi kwenye plasta. Akacheka kila mara, kwa kuwa mlimwambia acheke. Mtoto wa miaka tisa alibeba uongo wako miezi miwili, na mimi nikimpiga nao kila siku bila kujua.

Nilikuwa nimepanga kuimaliza barua hapa, mimi nikiwa juu na wewe chini. Nimeilaza siku mbili, na imenishinda kuifunga, kwa sababu kuna jambo sote wawili tunalijua.

Giaboksi lile niliagiza mimi. Gari langu la mizigo lilikuwa linaruka gia ya tatu, msimu wa machungwa unakuja, na hapa hakuna zima. Wewe ulinipigia kabla ya kuondoka ukasema, "Mjomba, gari limejaa, nyuma hakuna hata pa kuweka sindano." Na mimi nikakwambia, nayasikia maneno yangu kama nimeyasema leo, "Liweke miguuni pa Ikram. Yeye mdogo, hahitaji nafasi."

Kilo hamsini za chuma. Mimi ndiye niliyesema liwekwe hapo.

Na wewe ukatii! Hapo ndipo hasira inaponipanda upya. Una miaka thelathini na minane, una mke, una watoto, unaogopa kumwambia mjomba wako "hapana"? Nani alikufundisha kwamba heshima kwangu inalipiwa na mguu wa mtoto wako? Kisha mmevunjika mmeshonwa, bado mnaingia hapa na kile chuma kimefungwa blanketi, unakishusha mikononi kwangu na tabasamu, kama mtu aliyeleta mahari. Mimi nikaita mtaa mzima kunywa chai. Ungekitupa korongoni! Ungenitusi! Ningenuna mwezi mmoja, halafu ningekula kuskusi na wewe kama kawaida.

Giaboksi hilo nimelitumia majira yote ya baridi. Lilikuwa laini, halina kelele, nikawa najisifu nalo. Alhamisi nimelishusha. Nimerudisha lile la zamani, na sasa naendesha nikiwa nimeishika fimbo ya gia kwa mkono mmoja isiruke. Miloud mchomeleaji, jirani yangu, akaja akatazama chini ya gari akaniuliza, "Bouziane, umerogwa? Mtu anatoa kizima anatia kibovu?" Nikamwambia aende akachomelee midomo yake.

Kisha nikatoa ile karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kalenda. Unaijua karatasi hiyo, ndipo watu wote wa mtaa na wa ukoo huandika wanachotaka Najim awaletee kiangazi. Ya mwaka huu ilikuwa na shokapu nne za Miloud, kichwa cha injini cha Haji Qaddour, pampu ya dizeli ya yule binamu yako wa Zaio ambaye hata salamu hakutumii, na cherehani ya Yamina. Nikaipeleka nyumba hadi nyumba nikimwambia kila mtu afute agizo lake, mwaka huu Najim habebi kitu. Haji Qaddour akanisimamisha barazani mbele ya watu.

"Wewe lako ulishapata, sasa ndiyo unatufungia mlango?"

"Ndiyo, nimefunga," nikamwambia. "Na ufunguo nimeumeza."

Hajanisalimia tangu siku hiyo. Yamina naye amepika dengu siku tatu mfululizo, akijua fika kuwa sizipendi. Wote watapoa.

Kwa hiyo mwaka huu mnakuja watupu. Juu ya gari pasiwe na kitu. Nyuma ya kiti cha watoto pawe na nguo na mablanketi, basi. Mkilala njiani, laleni kitandani, siyo ukingoni mwa barabara. Nitakuwa kwenye geti la bandari ya Nador siku mtakayoshuka, na jeki na taa, na nitalala chini ya Pijo yako palepale mbele ya askari wa forodha. Nikikuta bolti moja iliyoagizwa na mtu, utaipeleka baharini kwa mkono wako.

Mama yako anakusalimia, na anasema atakupiga kwanza ndipo akukumbatie. Yamina anamsalimia Loubna. Msalimie na mdogo wake Ikram, Ilyas, ambaye najua alikuwa amelala na hakuona kitu, alhamdulillahi. Mungu awatangulie barabarani na awarudishe kwetu na viungo vyote alivyowaumba navyo.

Ndani ya bahasha nimetia ukurasa mwingine, ni wa Ikram. Nimeuandika mara nne. Mwandiko wangu hatauweza yule, hata mama yako haupati, kwa hiyo utamsomea wewe. Msomee kwa sauti, mkiwa mmekaa, siyo unapita na koti mkononi. Mle ndani nimemwambia nani aliyesema chuma kiwekwe miguuni pake, na kwa nini, kwamba nilifikiri yeye ni mdogo na hahitaji nafasi. Ukifika hapo usiruke, Najim. Usinilindie heshima yangu. Soma neno kwa neno, halafu mwache aseme anachotaka kusema, na uniandikie hata kama ni kibaya.

Mjomba wako akupendaye, na hasira zake bado zipo,

Bouziane