Mtoto wa Punda Milia Pale Laga

Lodungokwe,
4 Septemba 2011

Mwanangu Nabiki,

Hujambo huko Timau? Na baridi ya hayo mashamba ya maua, kifua kinasemaje? Sisi tu wazima. Mbuzi wamekonda lakini wapo, na mwanao Silantoi ana mdomo kuliko kasuku.

Barua yako nimeisoma. Eti umepata chumba, sasa unamtaka mtoto. Nabiki, si ulimwacha anatambaa? Hata uso wako haujui! Na desturi yetu unaijua: bibi hanyimwi mjukuu wa kumtekea maji uzeeni. Niachie huyu.

Wala usijione uko peke yako. Leo asubuhi tumekuta kitoto cha punda milia pale laga, kwenye mto uliokauka, mama haonekani. Ni wale wakubwa wa kwetu, wa mistari myembamba na masikio ya duara. Kitoto chenyewe bado cha kahawia, manyoya yamesimama toka kichwani hadi mkiani. Nikamwambia Silantoi, "Ona, hata porini wapo wanaotupa watoto." Tumekileta nyumbani. Nimekipaka mafuta na udongo mwekundu, nikakibariki kama mtoto wa boma. Maziwa ya mbuzi tu ndiyo kinayoyakataa.

Mama yako.

Timau,
11 Septemba 2011

Mama yangu,

Salamu nyingi. Miguu yako je, bado inavimba? Mimi sijambo, mikono tu ndiyo iliyojaa miiba ya waridi.

Mama, neno lako limenichoma. Sikumtupa mwanangu. Mbuzi wengi walipokufa, wewe mwenyewe ndiye uliyenifungia mzigo ukaniambia, "Nenda." Umesahau? Ningemleta wapi, kwenye bweni la wanawake wanane?

Na huyo mama punda milia, mlimngoja kabla ya kumtukana? Kwa ukame huu, maji yenyewe yako wapi? Labda alikuwa njiani anarudi.

Namtaka mwanangu, Mama. Sigombani, nakuomba.

Binti yako, Nabiki.

Lodungokwe,
22 Septemba 2011

Nabiki wangu,

Je, umelala salama? Huku hatujambo, ila mimi nina aibu, ndiyo maana nilinyamaza.

Alirudi. Siku ileile niliyokutumia barua, kabla jua halijazama, alisimama nje ya miiba ya boma akilia kama punda mwenye kikohozi, kiwele kimejaa. Tukakitoa kitoto mbio. Akakinusa, masikio yakalala nyuma, akakipiga teke, akaenda zake! Kumbe ni yale mafuta yangu. Nilikipaka baraka, nikamfutia mama harufu ya mwanawe.

Ole wangu! Silantoi alilia, na mimi nikalia. Asubuhi tulikiosha kwa maji ya kisima, mbuzi wakatutazama na kiu yao, tukakisugua kwa mchanga hadi mikono ikawaka. Tukakiacha palepale tulipokiokota, tukajificha nyuma ya mgunga.

Akaja. Alinusa, akazunguka, akanusa tena. Nikasema, "Nkai, Mungu wangu, usiniadhibu kwa huyu." Kisha kikaingia chini ya tumbo lake, kikanyonya, naye akatulia.

Nabiki, alikuwa amefuata maji tu. Na wewe ulifuata maji.

Jumamosi Silantoi anapanda lori na shangazi yako Nolkisaru. Stendi siendi, nitaangua kilio mbele za watu wenye adabu zao. Usimpe chai ya moto, ana pupa.

Mama yako anayekupenda.

Timau,
24 Septemba 2011

Mama,

Natumaini umekula leo, usiniambie huna njaa. Wamefika salama.

Silantoi aliposhuka alinijia pole pole, akainamisha kichwa nimguse, vile watoto wetu wanavyosalimia wakubwa wasiowajua. Mimi, mama yake! Nikamgusa kichwa kama mgeni, maana ndicho alichotaka. Shangazi akageukia ukutani.

Amekula ugali kidogo. Amekagua chumba chote, hadi chini ya kitanda. Kisha akaniuliza, "Na wewe utaenda lini?" Nikamwambia siendi. Hakuniamini. Lakini alipopanda kitandani alikamata mkono wangu wa kushoto, na usingizi umemchukua akiwa ameushika.

Kwa hiyo nisamehe karatasi kuchezacheza na maandishi kupanda milima. Nakuandikia kwa mkono mmoja.

Binti yako, Mama Silantoi.