Dumu la Maji Juu ya Mlima Hanang

Mzee Gidamis,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa neno lingine. Ni mimi Tluway, Mmbulu wako wa Tlawi, mpagazi uliyemfundisha mlima miaka minne na kumwita mvivu kila asubuhi. Miezi mitano imepita tangu tukuzike Hirbadaw, na muda wote huo nilikuwa nazunguka mbali nisipite karibu na boma lako.

Huku mambo yamebadilika. Siku hizi sisi ni watu wa Mkoa wa Manyara, Arusha hatuiendei tena kwa kila karatasi. Wageni wa kupanda mlima wanaongezeka, wanakuja na maji ya chupa, yale uliyoyacheka ukisema anayenunua maji atanunua na upepo. Na kiongozi wa msafara sasa ni mimi. Ndiyo, mimi. Nimepewa nafasi yako, Mzee, na hapo ndipo panaponiuma.

Unajua wanasema nini? Wanasema ulianguka kwa sababu ulikuwa umelewa. Vijana waliokubeba kukuteremsha walikuta kibuyu chako kimepasuka, begi zima linanuka pombe ya asali. Basi, kesi ikaisha. Mnadani Katesh wamelisema mpaka limekuwa kweli. Bwana wa kampuni inayotuajiri kupandisha wageni naye akatangaza palepale mbele ya watu kwamba hachukui tena Mbarabaig kuongoza wageni, eti watu wa kabila lako mnakunywa. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Niliangalia viatu vyangu.

Na mimi najua! Miaka minne nimekuona ukimimina pombe ile pale msitu unapoanzia, ukitaja majina ya wazee wako, unabakiza kidogo cha kuwashukuru tukirudi salama. Hata tone hukulamba. Nilikutania siku moja kwamba marehemu wako wanakunywa kuliko wewe, ukanijibu, "Mlimani sinywi, mlima wenyewe unalewesha."

Sasa nikuambie usilolijua. Mlima wetu juu hauna maji, na sheria yako ilikuwa moja: tukitoka kambini kwenda kileleni, dumu moja lifichwe kwenye jiwe lililopasuka, miti inapoishia, tulikute wakati wa kurudi. Siku ile dumu lilikuwa mgongoni kwangu. Baridi kali, kamba inanikata bega, wewe uko mbele na wale wageni wawili. Nikalisukumia kwenye vichaka, kama nusu saa kabla ya kufika jiweni. Nikajisemea nitakuambia kileleni. Kileleni wageni wakapiga picha, tukacheka, nikasahau. Hapana. Sikusahau. Niliogopa utaniita mvivu mbele ya wazungu.

Wakati wa kushuka ukungu ukafunga. Yule mama mgeni akaanza kutapika, maji tuliyobeba yameisha, miguu haimbebi. Ukasema, "Kaeni hapahapa, nakwenda jiweni kuleta maji." Mzee, nilifungua mdomo. Ulikuwa bado unafunga kamba za viatu, muda ulikuwepo wa kutosha kusema halipo pale, liko chini zaidi. Nikafikiri, asipoliona atarudi anitukane, yaishe. Ukaondoka.

Tukakusikia unaita, "Tluway, umeliweka wapi?" Mara mbili. Nilijibu, lakini upepo ulikuwa unatoka kwako kuja kwetu. Halafu mawe yakaporomoka, yakaendelea kuporomoka. Nilikukuta chini ya genge, upande wa kushoto wa jiwe, mahali ambapo hukuwa na kazi yoyote isipokuwa kutafuta. Majani mabichi yalikuwa yamelala pande zote za jiwe, pale ulipokuwa unazunguka.

Hakuna aliyeniuliza habari za dumu. Niliteremka vichakani nikalitoa mwenyewe, nikamnywesha yule mama, akanishukuru sana. Alinishika mkono. Nilitamani anipige.

Juzi Jumapili nilitoka kanisani nikaenda Hirbadaw kwa mama, mke wako. Njiani nilikuwa nimepanga kusema taratibu, niulizie mifugo kwanza, niulizie mvua. Nilipomwamkia tu yakatoka yote, hata kigoda sijapewa. Alikuwa anakama. Hakuacha kukama. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: kama uliita. Nikasema ndiyo, uliniita mimi, mara mbili.

Akapeleka maziwa ndani, akakaa huko muda mrefu hata nikafikiri amekwenda kuwaita ndugu zako. Nilitaka kukimbia, sikufichi. Aliporudi alisimama mlangoni, akasema, "Hapa kwangu umeshasema. Lakini hapa sipo uliponyamazia." Akanipa mgongo. Hakunilaani. Hakunisamehe pia.

Nimemwelewa vizuri. Kesho ni mnada. Bwana wa kampuni atakuwepo, anatafuta wapagazi wa msafara wa wiki ijayo. Ndugu zako watakuwepo na ng'ombe wao. Mzee, naogopa. Nikishasema, mlima huu nitauangalia kwa mbali tu, maana nani atampa wageni wake mtu kama mimi? Na ndugu zako sijui watanifanya nini. Leo mchana nilifungasha nguo, nikafungua, nikafungasha tena. Kuna basi la Haydom linaondoka alfajiri, nina shangazi kule.

Silipandi. Nguo nimezirudisha kwenye kamba.

Pumzika, Mzee wangu, mwalimu wangu. Sitakuita mlevi kwa kunyamaza tena hata siku moja. Kesho saa nne, watu wakishajaa, nitataja jina lako, nitataja na langu, nitaeleza maji yalifichwa wapi na aliyeyaficha ni nani. Nikishindwa, siku nikija huko, shikamoo yangu usiiitikie.

Mpagazi wako,
Tluway