Neno Aliloitwa Baba Yako

Hvammssel, Aislandi
Jumatatu, 2 Oktoba 1978

Mpendwa Úlfhildur,

Hujambo, mwanangu? Kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, ila goti langu limeanza kulalamikia baridi.

Hallbera, mkuu wetu wa msako wa kondoo mlimani, kanieleza jana kwamba baba yako hajaondolewa kwenye kikosi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yatakufikia yamekuzwa.

Siku ya kutenga kondoo wa kila mfugaji zizini, jirani yetu Brandur alimwita baba yako níðingur mbele ya majirani wote. Kondoo wawili wa Brandur walikutwa wamekufa korongoni, upande aliopangiwa baba yako.

Umekulia Denmark, na huku neno hilo halisemwi ovyo. Mwizi haitwi hivyo, wala mlevi anayepigana na wa saizi yake. Huitwa hivyo anayemtupa asiyeweza kujitetea, huku akijua. Likimganda mtu, hakuna atakayepanda naye mlimani, na mfugaji peke yake hashushi kondoo.

Mwanzoni watu walicheka, mmoja akamwambia: "Brandur bwana, mwite mzembe yaishe!"

"Mzembe ni wewe uliyepoteza farasi na tandiko lake. Huyu aliwasikia wakilia!" Brandur akamjibu.

Hallbera akamgeukia baba yako. "Ketill, uliwasikia?"

"Niliwasikia. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nikageuza farasi."

"Ukarudi?"

"Kesho yake, kwa miguu. Watatu nikawatoa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wawili walishakufa. Ningesema nini?"

Nimewauliza waliokuwa mlimani: ukungu ulikuwepo kweli. Wale watatu nimewaona mwenyewe, masikioni wana alama ya Brandur. Baba yako aliogopa, kisha akarudi. Kwangu mimi neno halimfai. Lakini Brandur hajalifuta, na baba yako hali chakula vizuri, wala hafungui mlango akibishiwa hodi. Mpigie simu kabla ya Ijumaa. Usimtetee, muulize tu habari za mifugo.

Msalimie mumeo Mogens na mtoto. Bibi Jófríður anawakumbuka wote. Mungu awape majira ya baridi yasiyo na ugonjwa.

Msako wa pili ni Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Hallbera amewapanga Ketill na Brandur korongo lile lile, wawili peke yao. Baba yako amekubali. Brandur bado hajajibu, ila jana nilimwona akimpigilia farasi wake viatu vipya vya chuma.

Shangazi yako akupendaye,
Steinvör